Nani Alimlisha Tergat?

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwa Mama, Free Area. Ajenda ilikuwa moja: ndugu yangu mdogo. Ana miaka 29. Amekuwa akikimbia tangu amalize fomu foo, na hajawahi kushinda mbio ambazo mtu wa mtaani kwetu amezisikia. Muda wake bora wa nusu marathoni ni saa moja na dakika tatu. Mtajie Mjerumani muda huo, atakupa mkono. Mtajie kijana yeyote wa kambi za Nyahururu, atakuuliza, "Hiyo ni ya mazoezi ama?"

Mama ndiye alianza. Alisema yeye hana neno na mbio, lakini mbio hazijengei kila mtu nyumba, na kuna jirani anayeweza kumtafutia kazi ya ulinzi kwenye shamba la maua huko Naivasha. Ankol akaongeza kwamba mkimbiaji akifika thelathini ni kama gari la miaka thelathini: linatembea, sawa, lakini nani atalinunua?

Ndugu yangu alikuwa kimya muda wote, anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Tergat alivunja rekodi ya dunia akiwa na thelathini na nne."

Wote wakanigeukia mimi. Kwanza kwa sababu mimi ndiye hutuma elfu sita kila mwezi za kambi. Pili kwa sababu, kama Mama anavyopenda kuwaambia wageni, mimi ndiye nilisomea historia.

"Hiyo ni kweli," Mama akauliza, "ama ni mambo ya TikTok?"

Nikasema ni kweli. Kikao kikaahirishwa. Lakini nilirudi kwangu Section 58 jibu langu likinikwaruza, maana jambo linaweza kuwa kweli na bado likaacha nusu ya habari nje. Elfu sita si pesa nyingi kwa wengine. Kwangu ni deni dogo la kila mwezi ambalo sikuwahi kulikopa. Kwa hivyo nikaamua kuisoma hiyo hadithi ya miaka thelathini na nne vizuri, kabla haijanimalizia mshahara.

Ukipanda matatu Nakuru kwenda Kabarnet, unapita Mogotio, unavuka ikweta, joto linazidi mpaka Marigat, halafu barabara inaanza kupanda milima ya Tugen. Huko juu, upande wa Kabartonjo, ndiko kwao Paul Tergat, aliyezaliwa Juni 1969. Si mbali. Watu wa Nakuru humtaja kama jirani aliyehama.

Baringo ni kaunti yenye ukame mwingi, na utotoni mwake kulikuwa na siku za njaa kabisa. Shule yake ya msingi ilikuwa ikipata chakula cha mchana kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Mwaka 2004 shirika hilohilo lilimteua kuwa balozi wake, na tangu hapo amesimulia mara nyingi kwamba ile sahani ya shuleni ndiyo iliyomfanya aendelee kwenda darasani. Weka hiyo sahani pembeni kidogo. Tutairudia.

Watu wengi hudhani Tergat alizaliwa akikimbia. Hakuwa nyota shuleni. Mbio za kweli alizianzia jeshini, tayari akiwa mtu mzima mwenye mshahara. Kisha zikaja haraka. Kuanzia 1995 hadi 1999 alishinda mbio za nyika za dunia kila mwaka, mara tano mfululizo. John Ngugi naye ana mataji matano, lakini hayakufuatana yote. Agosti 1997, mjini Brussels, Tergat akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26, sekunde 27.85.

Haikukaa hata mwaka. Juni 1998 Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliichukua tena, na hapo ndipo unaanza kuona shida yenyewe. Angalia medali za Tergat za mita 10,000. Gothenburg 1995, shaba. Olimpiki ya Atlanta 1996, fedha. Athens 1997, fedha. Seville 1999, fedha. Olimpiki ya Sydney 2000, fedha. Mara zote tano aliyesimama juu jukwaani ni mtu yuleyule, Haile, na tabasamu lake.

Sydney ndiyo inayoniuma zaidi, na sikuwa hata mpenzi wa mbio wakati huo. Mizunguko 25. Tergat anatoka mapema kwenye mzunguko wa mwisho, anapata nafasi, anaingia kona ya mwisho akiwa mbele, na wewe unayetazama unaanza kusimama. Halafu Haile anakuja, hatua kwa hatua, mpaka wanafika utepeni pamoja. 27:18.20 dhidi ya 27:18.29. Sehemu tisa za mia za sekunde. Kwenye Olimpiki hiyohiyo, Maurice Greene alishinda mita 100 kwa sehemu kumi na mbili za mia. Maana yake ni kwamba watu wawili walikimbia kilomita kumi nzima wakaachana kwa pengo dogo kuliko la wale waliokimbia mita mia moja.

Tergat alikuwa na miaka 31. Ukisikiliza ankol, hapo ilikuwa mwisho wa gari.

Na hapa ndipo hoja ya ndugu yangu inaanza kupwaya. Yeye anasimulia kana kwamba Tergat alikuwa hajulikani, akavumilia, akavumilia, kisha siku moja mlango ukafunguka. Si hivyo. Akiwa 31 alikuwa tayari mmoja wa watu wawili bora duniani katika kazi yake. Kilichotokea baada ya hapo ni kwamba alikataa kuendelea kuwa wa pili, akabadilisha kazi.

Alihamia marathoni. Hata huko hakupokewa kwa vigelegele. London, Aprili 2001: wa pili. Chicago, Oktoba 2001: wa pili tena, na safari hii aliyemshinda ni Ben Kimondiu, Mkenya mwenzake aliyekuwa ameajiriwa kuweka kasi tu. Kazi ya mweka kasi ni kuwavuta wakubwa kwa kilomita kadhaa kisha atoke barabarani akaoge. Kimondiu hakutoka. London 2002: Khalid Khannouchi wa Marekani anavunja rekodi ya dunia, 2:05:38, Tergat yuko nyuma yake kwa sekunde kumi. Wa pili. Haile alikuwa wa tatu, kwa hiyo angalau hilo. Chicago 2002: wa nne. London 2003: wa nne, sekunde chache tu nyuma ya mshindi.

Marathoni tano, ushindi sufuri. Nikijiweka mahali pake, pale London 2003 ningekuwa nishapiga simu nyumbani kuuliza bei ya ng'ombe.

Ya sita ilikuwa Berlin, Septemba 28, 2003. Saa mbili, dakika nne, sekunde 55. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika tano kabla ya asubuhi hiyo. Na shirikisho la riadha duniani lilipoanza kutambua rasmi rekodi za dunia za marathoni mwaka uliofuata, kitabu kilifunguliwa kwa jina lake upande wa wanaume. Miaka 34. Miaka minne baadaye, Berlin hiyohiyo, Haile akaja akaichukua tena kwa 2:04:26. Naye pia akiwa na miaka 34. Ukoo wa watu hawa wawili, wallahi, ungeandikiwa tamthilia.

Lakini rudi kwenye picha ya utepe wa Berlin 2003, kuna mtu mwingine ndani yake. Sekunde moja nyuma ya Tergat yuko Sammy Korir, 2:04:56. Siku hiyo huo ulikuwa muda wa pili kwa kasi katika historia yote ya marathoni. Korir alikuwa mweka kasi. Alikuwa na miaka 31. Alilipwa kumvuta Tergat, akamvuta mpaka mwisho, na nusura amvue rekodi mkononi. Nenda leo pale kwenye steji ya matatu za Kabarnet uulize watu kumi Korir ni nani. Mimi niliuliza saba, nikaona aibu nikaacha.

Ndugu yangu ameshafanya kazi ya kuweka kasi mara mbili. Hajawahi kumtaja Korir hata siku moja.

Nikaanza kutafuta wengine. Nilitaka kujua kama Tergat ni mtu mmoja wa ajabu au kuna mtindo. Mtindo upo, na si mbio tu. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo, na wengi wangetosheka na hiyo moja. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, ya mwisho akiwa na miaka 44. Rally nayo inakupa muda kuliko mchezo wowote: ukishajua kila shimo la barabara, ujuzi unafidia pale ambapo macho yanaanza kuchoka. Nje ya kwetu kuna Carlos Lopes wa Ureno, dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles 1984 akiwa na miaka 37, na rekodi ya dunia mwaka uliofuata.

Mary Keitany ndiye aliyenikalisha chini. Yeye pia ni wa Baringo, wa pande za Kabarnet, amezaliwa Januari 1982. Mwaka 2007 alipata fedha ya dunia ya nusu marathoni, mwaka uliofuata akajifungua, na 2009 akarudi akawa bingwa wa dunia. Akashinda London 2011 na 2012. Akapata mtoto wa pili, akarudi New York 2014, akashinda, akashinda tena 2015 na 2016. Kisha London, Aprili 2017, akiwa na miaka 35, akakimbia 2:17:01. Hiyo ilivunja rekodi ya Paula Radcliffe ya mbio za wanawake peke yao, iliyokuwa imekaa tangu 2005. Mara mbili mwili wake ulifanya kazi nyingine kubwa kabisa katikati ya kazi yake, na mara zote mbili alirudi na nguvu zaidi. Nikajiuliza swali la kawaida tu, la mtu yeyote aliyewahi kulea: nani alikuwa na watoto saa kumi na moja asubuhi?

Hilo swali ndilo lililobadilisha namna nilivyosoma kila kitu kingine. Niliacha kuangalia saa nikaanza kuangalia sufuria.

Chukua Kipchoge Keino. Munich, 1972, ana miaka 32. Anaingia mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000, ambazo alikuwa hana uzoefu nazo wa maana, anashinda dhahabu, na katika mita 1,500 anachukua fedha. Mtu aliyechelewa namna hiyo na bado anajifunza kuruka, ungesema bado ana miaka mitano mbele. Mwaka uliofuata akaenda mbio za kulipwa Marekani, na kwa sheria za wakati huo huo ndio ulikuwa mwisho wake wa Olimpiki. Ukilipwa, umetoka. Mkenya wa miaka ya 1960 na 1970 alikimbia akiwa askari polisi, askari jela au mwanajeshi, na siku kazi ilipomhitaji au watoto walipoongezeka, alistaafu. Ndiyo sababu vile vitabu vya zamani vimejaa mabingwa wa miaka 24. Haina maana kwamba miguu ilikufa ikifika 28. Ni 1982 ndipo shirikisho la dunia lilipoanza kuruhusu wanariadha kuwekewa pesa za mbio kwenye mifuko maalumu. Barabara za Chicago, London na New York zikaanza kulipa, na ghafla wakimbiaji wakaanza "kuchelewa" kwa wingi.

Miili yetu haikubadilika kati ya 1972 na 2003. Ni kweli kasi ya mwisho hupungua mapema, yule Haile wa kona ya mwisho hana maisha marefu ndani ya mtu. Lakini uvumilivu hujengwa kwa miaka na hushuka polepole, na mkimbiaji mzee hujua kupoteza nguvu kidogo kwa kila hatua. Kwa hivyo mtu anayetoka mita 10,000 kwenda marathoni anaondoka kwenye duka lake linalofungwa anahamia lingine ambalo ndio kwanza linafunguliwa. Ila kati ya maduka hayo mawili kuna miezi ambayo hakuna mauzo. Kuna mtu lazima alipe kodi.

Na hapa kwetu mjini tuna mfano wa upande wa pili, ambao sipendi kuuandika lakini lazima. Philip Waruinge, bondia wa Nakuru. Mexico 1968 alipata medali ya shaba tu, lakini alikuwa amepiga ngumi kwa ustadi kiasi kwamba akapewa Kombe la Val Barker, la bondia bora wa Olimpiki nzima. Munich 1972, akiwa na miaka 27, akapata fedha. Kisha akaenda Japani kupigana ngumi za kulipwa, akawania ubingwa wa dunia, akaukosa. Alisubiri, alibadilisha, alihama nchi, alifanya kila kitu alichofanya Tergat. Hakuna mtu anayelitaja jina lake kwenye vikao vya familia kumtetea kijana wa miaka 29. Tunawachagua wale waliofika, halafu tunasema kusubiri kunalipa.

(Jambo moja kando. Haya yote yanadhani tunajua umri wa watu. Mimi binafsi nina shangazi watatu waliozaliwa Januari mosi, na mmoja kwenye kitambulisho ni mdogo kuliko mtoto wake wa pili akikosea kidogo. Tuendelee.)

Jumamosi iliyofuata ndugu yangu alikuja mjini, tukaenda Menengai. Yeye alipanda mbio, mimi nikapanda kwa boda, na nilipofika ukingoni mwa kreta alikuwa ameshavaa jaketi, anatazama chini kwenye ule moshi. Nikamwambia nimesoma. Nikamwambia kuhusu Kimondiu na Korir, na kwamba Tergat akiwa 29 alikuwa na mataji manne ya dunia ya nyika. Sikutaka kuwa mkatili. Nilitaka tuache kudanganyana.

"Najua, siz," akasema. "Unafikiri sijui? Sisi huko kambini hizo tarehe tunazijua kuliko za kuzaliwa."

"Basi mbona ulimtaja?"

"Ningemtaja Korir, ankol angeuliza Korir ni nani."

Nikacheka. Kisha nikamuuliza swali nililokuja nalo. Tergat alikuwa na sahani ya shule, halafu mshahara wa jeshi. Wewe nani atakulisha mpaka hiyo thelathini na nne? Maana mimi nafika mahali pa kuchoka. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti.

Hakujibu haraka. Akaokota kijiwe, akakirusha kretani.

"Unga na maharagwe hutumwa na Mama," akasema. "Kila mwisho wa mwezi, kwa matatu. Mwaka wa nne huu. Alinikataza nikuambie, akasema utapunguza."

Mama yuleyule wa kazi ya ulinzi Naivasha. Nilikaa chini kwenye jiwe. Miaka minne nilijiona mimi ndiye nguzo ya hiyo nyumba, kumbe kila mwezi mfuko wa maharagwe ulikuwa unanipita barabarani.

Hatukumwambia Mama kwamba najua. Kikao cha pili kilifanyika Jumapili baada ya hapo, na alirudia maneno yake kuhusu Naivasha bila kupepesa macho, akimwangalia ankol zaidi kuliko mimi. Nami nikatoa ripoti yangu kama mtu aliyetumwa. Nikasema rekodi ya miaka 34 ni ya kweli lakini si mfano wa kijana huyu. Nikasema mfano wake, kama upo, ni mweka kasi. Nikasema nitatuma elfu sita mpaka mwezi wa nne, halafu tukae tena, na hiyo elfu sita isiitwe msaada, iitwe mshahara, kwa sababu watu wote niliosoma habari zao walikuwa na mshahara wa namna fulani. Ankol akaguna. Mama akaongeza chai.

Mwezi wa nne ndugu yangu ana kazi. Ni marathoni ndogo huko Ulaya, si mji utakaouona kwenye runinga. Anatakiwa kuvuta kundi linalolenga saa mbili na dakika 12, alipwe dola mia kadhaa, arudi. Itakuwa mara yake ya kwanza kusimama kwenye mstari wa marathoni. Alinitumia mkataba kwa WhatsApp nimsomee ile lugha ya wanasheria.

Unasema atakimbia mbele ya kundi hadi kilomita ya 30. Nimeusoma mara mbili, na mara ya tatu nikiwa nimewasha taa. Hakuna mahali unaposema kwamba akifika hapo lazima asimame.